Uzi wa Ndambuki

Mti ulianguka Jumanne, saa nane mchana,
mjakaranda wa Barabara ya Ngong,
bila upepo, bila mvua, bila hata kunguru juu yake.
Uliponda sanduku la soli, kopo la gundi, redio.
Ndambuki mwenyewe alikuwa amesogeza kigoda
hatua moja,
akifuata kivuli.

Hatua moja. Nilienda kuipima kwa mguu wangu.

Wapitao wana majibu tayari.
Muuza maji: bahati haibishi hodi.
Mama Kerubo wa kibanda cha pili: liandikwalo ndilo liwalo,
hata kivuli kiliandikiwa kitembee.
(Kivuli hutembea kweli, nalo jua halikosi saa;
kufikia hapo namkubalia.)
Mtu wa kaunti alikuja na msumeno na jibu lake:
mchwa, na mizizi iliyokatwa mwaka waliozika bomba.
Akanionyesha kisiki. Ndani kilikuwa unga.
Kumbe mti ulikuwa ukianguka miaka tisa
nasi tumeketi chini yake.

Mimi hushika zamu ya usiku, maabara ya Chiromo.
Kuna chombo pale kinachosikiliza punje ya madini.
Tik. Kimya. Tik-tik. Kimya kirefu. Tik.
Kama matone ya kwanza juu ya bati
kabla mvua haijaamua.
Kila mlio ni atomu moja imevunjika,
na ukiuliza kwa nini hiyo, si jirani yake,
kwa nini sasa, si karne ijayo,
hakuna mchwa wa kulaumu, hakuna bomba.
Zikiwa elfu kwa maelfu nitakutajia idadi,
wala sitakosea sana.
Ikiwa moja, sijui lolote.
Mwalimu wangu alisema: hakuna cha kujua.
Achola, mwenzangu wa zamu, hakubali:
kipo, kimejificha tu, hakuna tukio lisilo na mzazi.
Tumebishana hadi chai ikaota ngozi.

Leo nimempelekea Ndambuki kiatu.
Sindano inazama, inaibuka, inazama.
Juu ya ngozi naona vipande vya uzi,
kila kimoja peke yake, hakimjui mwenzake.
Anakigeuza: chini uzi ni mmoja, haujakatika popote.
Nikafurahi kwa niaba ya Achola.
Kisha nikakumbuka kwamba kule Chiromo
tumegeuza ngozi, tukageuza tena,
na chini hatukuona uzi.

Namuuliza: siku ile, kwa nini ulisogea?
Anauma uzi, anaukata kwa meno.
"Jua lilikuwa linanichoma sikio."
Hilo tu?
"Hilo tu. Shilingi hamsini."

Napapasa mfukoni. Sarafu inaniponyoka,
inabiringika hadi kwenye kisiki,
inasimama kwa ukingo wake, inazunguka,
na sisi wawili, watu wazima,
tumenyamaza
tukiitazama.