Mato Matatu

Shangazi Amriya hakunisemesha siku tisa
kwa sababu ya ukingo wa picha.

Ilikuwa kupamba kwa Rahma, nyumbani kwa Bi Shekuwe, Mkomani.
Simu zote zimekusanywa mlangoni, ndani ya beseni la bluu,
imebaki yangu tu, nami nimekula kiapo.
Wanawake arubaini na wawili, chumba chembamba kama sanduku,
mgongo wangu umeshagusa chokaa,
na ukuta wa Lamu haujui kurudi nyuma.
Nikabonyeza nusu.

Nusu ndiyo lenzi pana.
Huchota pembe hadi pembe: zidaka, mito,
watoto waliopenya chini ya meza ya halua.
Lakini ina deni, na deni hulipwa na waliokaa kando.
Katikati watu hubaki watu,
pembeni huvutwa kama unga wa chapati.
Shangazi alikaa pembeni.
"Mkono huu wa nani?" akaniuliza. "Na taya hili?"
Nikajibu, ni lako.
Siku tisa zikaanzia hapo.

Sasa pembeni naweka nguzo, mapazia,
na binamu wembamba wanaotamani kunenepa.

Wateja hudhani ni jicho moja linalosogea mbele na nyuma.
Si moja. Ni vijumba vitatu vimepangana,
kila kimoja na kioo chake, na kitambaa chake cha kunasia mwanga,
na vitambaa havikukatwa sawa.
Moja ndiyo iliyopewa kitambaa kipana.
Umeme ukikatika Langoni,
mwanga wa kibatari huitosha.
Usipojua pa kuanzia, anza na moja,
kisha tumia miguu.

Tatu huvuta.
Mchana mweupe, tatu ilinisomea mwaka uliochongwa
juu ya mlango ambao ngazi yetu haifiki.
Huupenda uso pia: pua hubaki pua,
na ukuta wa nyuma husogea kusikiliza.
Ila ina adabu zake.
Mwanamke anayeanika nguo darini, ng'ambo ya ujia,
hakunipa sura yake eti kwa kuwa kioo changu kinafika.
Kufika si kukaribishwa.

Tena tatu huongopa.
Mwanga ukipungua, au ukikaribia mno,
simu hurudi kimya kwenye moja,
hukata kipande cha katikati, hukikuza,
na bado imeandika tatu.
Twalib, fundi simu, ndiye aliyenifungua macho:
"Ziba lenzi kwa kidole. Picha ikibaki,
ujue unatazama kwa jicho jingine."

Siku ya kumi akaja mtoto ametumwa:
"Shangazi asema, ndoo na simu yako."

Usiku, umeme hakuna. Amekaa kwenye kiti cha mpingo,
leso mpya bado ina mikunjo ya duka.
Kesho anakwenda Mombasa, hospitali,
kutolewa mtoto wa jicho.
"Nataka sura hii," akasema, "kabla hawajanigusa.
Na usiniweke kando."

Kwa mazoea nikagusa tatu.
Nikaziba lenzi kwa kidole:
shangazi yupo pale pale, hata hakupepesa.
Nikairudisha moja waziwazi,
nikavuta kigoda hadi magoti yetu yakagusana.
"Karibu hivi?"
"Karibu hivi. Pua itakua kidogo."
"Naikue. Ni yangu."

Nikampa simu.
Akaisogeza, akaiondoa, akaisogeza tena.
"Simu ina mato matatu," akasema,
"na mimi haya mawili nayabahatisha."
Kisha akaziba jito la kushoto kwa kidole,
akatazama,
akaziba la kulia.