Ukurasa wa Nyuma

Daftari langu ni la hesabu, miraba midogo.
Rispa: titi la kushoto, picha mwezi wa tatu, nauli hana.
Oduol: koo. Kadi kaificha kwenye kopo la sukari;
asema saratani imekwisha, foleni ya nini?
Nerea kabadili laini. Nimempata Kombewa sokoni,
anauza omena, kilemba kimefunika nywele changa.
"Daktari anakuulizia."
Akacheka: "Bado ananikumbuka?"

Jumanne tulikuwa saba kwenye benchi la kliniki, Kisumu,
nami naita majina, natia alama,
kovu langu likiniwasha chini ya sare.
Nerea akaninyang'anya kalamu,
akafunua ukurasa wa nyuma,
akaandika jina langu.
"Na wewe," akauliza, "mara ya mwisho lini?"