Mpaka Rangi

Pale bomani, afisa wa uhamiaji alimwuliza kazi.
"Miye niko nachora sura ya bantu," akajibu.
Fomu haikuwa na kisanduku cha sura.
Afisa akalamba ncha ya kalamu, akaandika:
mpaka rangi.

Kalenga alicheka njia nzima hadi kwetu, Barabara ya Nane.
Akamwonyesha mama ile karatasi.
"Lugha yenu hii, neno moja
ndiye mtu mwenye brashi, ndiyo mstari unaomzuia asivuke.
Halafu, kutoka Katanga kuja Tanga
nimedondosha silabi moja tu."
Mama hakucheka. Alimpa chumba cha uani,
kodi shilingi kumi na tano, na onyo:
tapentaini isisogee jikoni.

Turubai hakuwa nayo. Tulikuwa na magunia ya katani.
Nyuzi zilizosimama tulizichoma kwa mshumaa,
mimi nikayawamba kwenye fremu, misumari mdomoni,
nikayapaka gundi mpaka yakalia kama ngoma.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nililipwa penseli.

Wa kwanza alikuwa Mgiriki wa mkonge.
Alikaa robo saa, akatazama saa, akasimama.
"Sura umeipata. Mikono utajua mwenyewe."
Kalenga akamwita mama, ametoka kukanda unga:
"Bi Mwanamgeni, keti hapa. Kama bwana shamba.
Hapana, usifiche kile kidole."
Kile cha shahada, kilichoungua sufuria ya maandazi.

Wakaja wengine, maana mji ukishaona uso wa jirani ukutani
hulala vibaya.
Seth wa vitambaa, na fimbo yake ya fedha.
Mkuu mpya wa wilaya, suti bado ina mikunjo ya dukani.
Mjane wa karani wa reli alileta kofia tu,
akasimulia uso siku mbili mfululizo.
Kalenga akachora alichokisikia.
Mjane akalia: pua siyo, akasema, lakini ndiye.

Wote walikuwa na haraka. Wote walilipia kichwa.
Mikono ilikuwa ya mama.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Yeye ya tatu alikwishalichonga mpini, akalifunga manyoya ya mbuzi.
Lakini kila Januari alirudi bomani kugongewa muhuri,
miaka ishirini na mbili, suruali ile ile iliyopigwa pasi,
na kila Januari aliulizwa atarudi lini kwao.

Kisha bei ya katani ikaanguka.
Wagiriki waliondoka, wengine na nyuso zao zimekunjwa kama mikeka,
wengine waliziacha na viti.
Kwenye barabara ya stesheni ikafunguliwa studio ya picha za rangi:
dakika moja, nakala sita.
Kalenga akaandika USITEME MATE kwenye kuta za hospitali,
akaandika namba za mabehewa,
akaandika NYAMA SAFI.
Kila herufi aliitia kivuli upande wa kulia,
kana kwamba dunia nzima inaangazwa
na dirisha letu la uani.

Alikufa mwezi wa mvua. Hakuacha sura yake hata moja.
Tulipoulizwa kazi ya marehemu, karani
alinakili karatasi ya zamani.
Mama akamfuata baada ya miaka mitatu.
Picha yake pia hatuna.

Mwaka jana niliitwa Raskazone kupima mapazia.
Sebuleni, juu ya televisheni, Mgiriki:
mashavu mekundu, macho yanadai kodi,
na chini, juu ya goti lake jeusi,
mikono miwili imetulia kama iliyomaliza kazi ya asubuhi.
Nilitafuta saini. Hamna. Alizoea kutoandikwa.
Nikatafuta kidole.

"Shikamoo," nikasema.
Mwenye nyumba, kijana wa miaka thelathini,
akageuka, akaona haya, akadhani
namwamkia yeye.