Kipini cha Bi Mize

Tunguu, maabara ya mwisho, chumba kisicho pazia.
Mwalimu Shaame anamimina naitrojeni
kutoka chupa iliyokuja na boti ya asubuhi.
Moshi mweupe unashuka mezani, unatupita miguuni.
Kidonge cheusi cha kauri, hakizidi kileja,
kimepoa. Sumaku juu yake
haigusi kitu.
Nikapitisha karatasi chini. Ikapita.

"Umeme ukiingia humu," asema, "hauchoki.
Utazunguka, na kesho utazunguka."
Kombo, huko nyuma: "Na Tukuza je?"
Tukacheka sote. Mimi kidogo.

Kwani juzi, Mnazi Mmoja, mama alivuliwa
bangili, pete, hata kipini cha pua
kilichokaa tangu harusi yake Konde,
akaingizwa kichwa mbele ndani ya lile pipa
linalogonga kama mtu aliyesahau ufunguo.
Nyaya zake zimelala kwenye baridi
ambayo Pemba haina jina lake.
Alipotoka aliuliza moja tu:
"Wameona?"
Majibu Alkhamisi.

Kipini nimekisahau mfukoni.
Nakisogeza kwenye sumaku: hakitikisiki.
Mwalimu anasema risasi, hii ya betri za gari,
ikipozwa hupitisha umeme bila kupunguza chembe;
dhahabu haijapata kuweza, baridi iwe kali vipi.

Hilo sikuliandika daftarini.
Naitrojeni inakwisha. Sumaku inashuka
polepole, inakaa upande.
Leo Jumatano.