Kona Isiyoingia Kidole

Danguolė hakunifundisha kwa maneno.
Alishika kidole changu kidogo, cha kushoto,
akakisukuma ndani ya kalibu, palipokutana kuta mbili,
akauliza: kimefika?
Hakikufika.
"Basi na kitambaa hakitafika."

Februari, Prienai. Mto Nemunas umeganda kingoni,
karakanani jiko la umeme linahema usiku kucha,
maana utomvu ukisikia baridi hugoma kukauka.
Tunaunda mkia wa ndege isiyo na injini.
Ofisini Vytenis ameuchora ukingo wake kwa rula:
mistari miwili inakutana, basi.
Kwenye karatasi pembe haina unene.
Kwenye karatasi hakuna nyuzi.

Nyuzi za kioo zina kiburi cha kimya.
Unazilaza, unazipigapiga kwa brashi, zinatulia;
ukigeuka kutafuta mkasi
zimejiinua konani, taratibu,
kama mtu aamkaye asitake kumwamsha mwenzake,
na chini yake hewa imeshajipatia chumba.

Kipande changu cha kwanza tulikitoa Jumatatu.
Kiling'aa. Nikajiona fundi.
Akatoa sarafu mfukoni, akagonga:
ko, ko, ko,
kisha pale penye makali,
po.
Akabonyeza kwa ukucha. Ganda likavunjika kama la yai.
Akaenda kuvuta sigara kwenye theluji.

Kesho yake alianza na pamba:
pamba ya unga na utomvu, akakoroga
hadi uji ukasimama kwenye kijiti,
akaujaza konani, akapitisha kidole chake kidogo
(kimepinda, kiliwahi kubanwa na mlango wa oveni)
hadi kona ikakubali umbo lake.
Ndipo kitambaa, kilichokatwa mshazari;
kikikatwa mraba hukumbuka kitanda cha mfumi.
Samaki hukunjwa angali mbichi:
tulikuwa na dakika thelathini.
Tulitumia ishirini na tisa.

Vytenis alikuja na kipimo. Akapitisha kidole
ukingoni, upande wa nje, akajikata.
"Mkali sawasawa na mchoro," akasema,
akapangusa damu kwa huo huo mchoro.
Ndani hakuchungulia.

Ndani, kwenye giza la mkia,
umo mviringo wa kidole kilichopinda.
Mei utapaa juu ya misonobari.
Danguolė mwenyewe hajawahi kupanda.
Anasema kichwa humzunguka
hata kwenye ngazi.