Nilihesabu Walioinuka

Kiingilio shilingi mia, watoto bure.
Langoni kijana alinigonga mhuri mkononi
kama gunia la sukari linalotoka kiwandani,
akasema, "Karibu enzi za kale, mama.
Choo kiko nyuma ya ngome."

Ngome yenyewe ni mabati yaliyokandikwa matope,
bunduki ni za mkaratusi,
mzinga ni bomba la maji taka lililopakwa masizi.
Mzungu hakupatikana.
Kapteni akawa Mwalimu Osundwa, wa hesabu,
unga wa ngano usoni, kofia ya magazeti na gundi,
na jua la Mumias lilipompanda
unga ukawa uji, akaendelea kufoka.

Nilicheka. Siwezi kusema sikucheka.

Kisha wakaja wapagazi,
safu ndefu, vifua wazi, masanduku vichwani,
na wa tano kutoka mbele ni Mulama,
mtoto wa kaka yangu,
ambaye usiku huendesha bodaboda
na wiki hii mchana anakufa kwa shilingi mia sita.
Sanduku lake limeandikwa RISASI.
Ndani mna sponji ya godoro, nilimkatia mwenyewe.
Alilibeba akitikisa kiuno,
wasichana wakapiga vigelegele.

Babu hakutikisa kiuno.
Babu alirudi kutoka vita vya Mjerumani
shingo imezama mabegani
kama kobe aliyesikia hatua,
na kibati cha namba kwenye uzi.
Miaka mitatu, alisema nyanya,
hakuna aliyemwita jina.
Ukimuuliza walikufa wangapi njiani
aliinua kiganja, akakitazama, akakishusha.
Kibati hicho nimekuja nacho mkobani,
kati ya funguo na dawa za presha,
sijui kwa nini. Pengine nilitaka kione.

Saa sita na nusu vita vikaanza.
Fataki zilizonunuliwa Kisumu zikalipuka,
mbuzi wa maonyesho wakakata kamba kwelikweli,
na watu wakaanguka kwa ustadi mkubwa;
mmoja alianguka mara mbili,
kwa kuwa mara ya kwanza alitua kwenye mavi ya ng'ombe.
Nikahesabu. Sikukusudia.
Thelathini na mmoja.

Kipenga. Vita vimekwisha, wali umeiva.
Wafu wakainuka, wakapangusana vumbi,
wakaanza kudaiana soda.
Nikahesabu.
Thelathini.

Pale kwenye nyasi zilizolala, sanduku.
Chini ya sanduku, mkono.

Watu walikuwa wanakwenda foleni ya wali.
Kapteni alikuwa ananawa uso kwenye karai.
Mimi na magoti yangu mabovu
tuliruka kamba ya WATAZAMAJI WASIVUKE,
nikakimbia katikati ya moshi nikiita jina lake,
la ubatizo, la ukoo,
na lile la utotoni analolionea haya.

Alikuwa anakoroma.
Usiku kucha alibeba watu wa matanga hadi Butere,
na kifo kilipomruhusu kulala chini
akalala.
Nikamwondolea sanduku kifuani. Jepesi kama kikapu cha manyoya.
Wepesi ule ulinikasirisha,
nikampiga kofi la bega.

Akafumbua jicho moja.
"Shangazi," akasema, "tulishinda?"

Nilitazama bendera moja, nikatazama ya pili,
nikatazama ndevu za unga zikimdondoka Osundwa.
"Inuka," nikamwambia. "Nyama itaisha."
"Ngoja kwanza, wanalipa. Wanaita kwa namba."

Nikasimama naye kwenye meza ya malipo,
mkono ndani ya mkoba.
Karani akasoma namba.
Nikaitika kwa jina, kamili, kwa sauti ya kanisani.
Karani akapitisha kalamu kwenye karatasi,
juu, chini, tena juu.
"Hilo," akasema, "silioni hapa."