Milima Mia Moja

Mlima ni mmoja, mkavu, kaskazini mwa Chile,
na hakuna aliyewahi kuingia tumboni mwake.
Tumeutoboa mashimo arobaini na matatu,
kila shimo jembamba kama mkono wa mtoto,
na kwa hayo tunadai tunaujua.
Ni kumjua mtu kwa kuchungulia tundu la ufunguo,
usiku, taa imezimwa.

Eleuterio Mamani, fundi wa keekee,
ananiletea mwamba uliolazwa kwenye masanduku,
mita baada ya mita, kijivu, kijivu,
kisha ghafla kijani, kama kutu ya birika la bibi,
kisha kijivu tena.
"La kumi na saba lilinitapeli," anasema.
"Halikutoa shaba hata ya kutengenezea pete."
Naandika: kumi na saba, sufuri.
Sufuri nayo ni habari. Ina anwani yake.

Usiku kompyuta inafanya kazi, mimi nala mkate na parachichi.
Kutoka mashimo yale yale inanizalia mlima,
halafu mwingine,
halafu mwingine, hadi mia.
Yote imekubaliana pale keekee ilipopita,
yote inabishana pale isipopita.
Katika wa nane, shaba imekimbilia mashariki.
Katika wa hamsini na mbili, ufa umeukata mshipa
kama mkasi ukatavyo uzi.
Katika wa tisini na moja sisi ni matajiri,
na katika wa tisini na mbili tumejichimbia kaburi,
pana, la ngazi ngazi, lenye barabara nzuri ya malori.

Asubuhi mkurugenzi Larraechea anataka namba.
"Moja tu, Yasna. Benki haipokei labda."

Ningeweza kumpa wastani.
Wastani ni laini, haumkwaruzi mtu:
husaga vilele, hujaza mabonde,
ukatengeneza mlima usiokuwemo hata katika mia yangu.
Mgodi wa baba yangu ulipangwa kwa namba moja.
Nilikuwa darasa la nne ulipofungwa;
tulibeba godoro, redio, na mbwa tukamwacha.
Namba ilikuwa nzuri. Mwamba haukuisoma.

Basi namwambia: tuanzie kusini,
ambako milima themanini na sita inatikisa kichwa kukubali.
Barabara tuipindishe hapa,
tukikosea, lori lipate pa kugeukia.
Na unipe mashimo sita zaidi, pale inapogombana.

"Hii si ramli?"

Mpiga ramli hukwambia anachokiona.
Mimi nakwambia nisichokiona, na ukubwa wake.

"Unaniuzia mbuzi kwenye gunia."

Ndiyo. Lakini gunia nimelipapasa mara mia.
Pembe ziko upande huu.

Anakuna shingo. Anatoa manne, si sita.

Leo Eleuterio ameanza la arobaini na nne.
Upepo unarusha vumbi, maji yanatoka ya kijivu,
anaandika pembeni ya daftari kwa penseli aliyoitafuna.
Kila mita inayopanda, naiingiza,
na milima iliyosema vinginevyo naifuta.
Kufikia mita sitini imeshakufa tisa,
na mmoja wao ni ule wa tisini na moja,
niliokuwa, bila kumwambia mtu,
nimeanza kuupenda.